Shukrani na Malalamiko katika Kinywa Kimoja



Liko swali ambalo watu wengi hulijibu kabla ya kulifikiri. Mtu akiponywa na mkono fulani, na mkono ule ule ukamwachia jeraha, je, anayo haki ya kulalamika? Au malalamiko yake ni utovu wa shukrani? Katika vijiji vyetu vya Karagwe na Kyerwa jibu huwa limekwisha kuandaliwa: fadhila za punda ni mateke. Methali hiyo ikitamkwa mbele ya watu, mgonjwa hunyamaza, na mazungumzo huhamia kwenye bei ya kahawa.

Sisi twaona kwamba jibu hilo si la haki. Twataka kuonyesha kwamba shukrani na malalamiko vyaweza kukaa katika kinywa kimoja bila kugombana. Na zaidi ya hayo, kwamba malalamiko ya kweli, yakisemwa kwa njia njema, ni sehemu ya shukrani yenyewe. Ili tusiseme maneno ya hewani, tutachukua jambo moja la mwilini ambalo laweza kumpata yeyote kati yetu, nalo ni bega linaloanguka baada ya mtu kupasuliwa shingoni.

MSHIPA MWEMBAMBA

Shingo ya mwanadamu ni njia nyembamba yenye wasafiri wengi. Humo hupita pumzi, chakula, damu iendayo kichwani, na mishipa ya fahamu, yaani zile nyuzi ambazo kwazo ubongo huiamuru misuli na kupokea habari za maumivu. Madaktari huhesabu jozi 12 za mishipa ya fahamu ya kichwa. Ule wa 11 hutoka chini ya fuvu, hushuka upande wa shingo, na kuingia katika msuli mpana ulio kati ya shingo, mgongo na bega. Msuli huo ndio unaolishikilia bega lisianguke, na ndio unaosaidia kulizungusha kombe la bega tunapoinua mkono juu ya kichwa.

Sasa, upande wa shingo kuelekea nyuma, mshipa huu hupita karibu sana na ngozi, tena katikati ya tezi. Tezi hizo ndizo zinazovimba mtu apatapo kifua kikuu cha tezi, au saratani ya tezi, au magonjwa mengine. Mkoa wetu wa Kagera una historia yake katika jambo hili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Na kwa kuwa ugonjwa huo hudhoofisha kinga ya mwili, kifua kikuu kilipata nafasi, na kile cha tezi kikiwamo.

Ili kujua uvimbe ni wa nini, mara nyingi daktari hukata kinyama cha tezi kipelekwe maabara. Kazi hiyo huonekana ndogo. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi, hukatwa chale fupi, hushonwa nyuzi chache, na mara nyingi hurudi nyumbani siku ile ile. Lakini madaktari wenyewe wamekwisha kuandika wazi kwamba kazi hii ndogo ni moja ya sababu kubwa za kuumia kwa mshipa wa 11. Waweza kukatwa, au kuvutwa, au kubanwa, hata chini ya mkono wa daktari mwangalifu, maana ni mwembamba, na uvimbe huweza kuusukuma kutoka mahali pake.

Dalili zake ni za ajabu kidogo, na ndiyo maana watu hawazielewi. Kidonda hupona vizuri na kovu huwa dogo. Vidole hufanya kazi. Mtu aweza kushika kalamu, kushona, kumenya ndizi. Lakini bega hushuka, kombe la bega hujitokeza mgongoni, na mkono ukiinuliwa kwa upande hukwama karibu na usawa wa bega. Hufuata maumivu mazito ya shingo na bega, yanayozidi jioni, kwa sababu misuli mingine inabeba mzigo usio wake. Mtu akikaa kwenye benchi amejifunika kanga, hakuna awezaye kumtambua kuwa ana ulemavu.

MAMA NA MKUNGU WA NDIZI

Yuko mama mmoja katika wilaya zetu hizi mbili. Hatutataja jina lake, wala kijiji chake, wala hospitali aliyotibiwa. Alikuwa na uvimbe shingoni, akakatwa kinyama, ikaonekana ni kifua kikuu cha tezi. Alimeza dawa miezi sita bila kukosa, akapona. Uvimbe umekwisha, homa za usiku zimekwisha, na mwili wake umerudi. Katika hayo yote ana haki ya kumshukuru Mungu na kuwashukuru waganga, naye anawashukuru kweli.

Lakini tangu siku zile bega lake la kulia limeshuka. Hawezi kujitwisha mkungu wa ndizi. Hawezi kuyafikia matawi ya juu ya mkahawa wakati wa kuchuma. Ndoo ya maji huinuliwa na mtoto ndipo yeye aipokee kichwani. Nywele zake husukwa na dada yake, maana mkono haufiki. Akilima nusu saa hupumzika saa nzima. Majirani wanamwona ana mwili wenye afya, wanasema amejifunza uvivu hospitalini. Mama mkwe wake amesema zaidi ya hayo.

Aliporudi kuuliza, aliambiwa kwamba ni kawaida, afanye mazoezi, na ashukuru kuwa ugonjwa ulijulikana mapema. Hakuna aliyemwambia kwamba mshipa huenda uliumia. Hakuna aliyemwandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu. Akanyamaza. Na alipojaribu kulisema jambo hilo katika kikundi cha akina mama, mmoja akamkumbusha habari za punda.

Basi swali letu si la vitabuni. Je, mama huyu ni mwenye kosa?

HOJA ZA WANAOTAKA ANYAMAZE

Ni haki tuwasikilize wanaosema anyamaze, kwa maana si watu wabaya, na hoja zao zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba uhai ni mkubwa kuliko mkono. Bila kile kinyama ugonjwa usingejulikana, na bila dawa angekufa. Bega ni bei ndogo ya kulipa.

Ni kweli kwamba uhai ni mkubwa kuliko mkono. Lakini tufikiri. Mtoto wako ametumbukia katika mto Kagera, na mtu mwema akamvuta kwa nguvu hata akamtoa, lakini katika kumvuta mkono wa mtoto ukateguka. Utamshukuru mtu huyo siku zote za maisha yako. Je, kwa sababu hiyo utauacha mkono wa mtoto bila kuupeleka kwa mganga? Na yule mwokoaji, akikuona unaukanda mkono ule kwa maji ya moto, atasema unamtukana? La, bali mtu mwema atauliza, "Mkono wa mtoto waendeleaje?" Deni la shukrani ni deni la kweli, lakini halilipwi kwa kunyamaza. Alilipaye kwa kunyamaza humfanya aliyemsaidia kuwa kama mkopeshaji mkali, ambaye kwa wema wake mmoja ameununua ulimi wa mwenzake.

Tena hatupaswi kudhani kila mara kwamba jeraha lilikuwa bei ya lazima. Siku hizi katika wagonjwa wengi uvimbe wa shingo huchunguzwa kwanza kwa sindano nyembamba inayonyonya majimaji au chembe za tezi bila kupasua, na tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limependekeza mashine ya GeneXpert itumike kutafuta kifua kikuu hata katika tezi. Bado wako wagonjwa ambao hapana budi wakatwe, kwa mfano saratani inapodhaniwa. Lakini kuuliza kama ilikuwa lazima ni swali halali, si tusi.

Hoja ya pili ni kwamba daktari hakukusudia. Kumlalamikia asiyekusudia ni kumwonea.

Hapa twapaswa kutofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kukusudia, uzembe, na ajali. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walichanganywa. Aliyepaswa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyepaswa kupasuliwa kichwa akapasuliwa goti. Hakuna aliyekusudia, lakini nchi nzima iliona kwamba hilo halikuwa ajali tu, maana jina la mgonjwa husomwa kabla ya kisu. Mshipa mwembamba uliojificha chini ya tezi iliyovimba ni jambo lingine. Huko hata fundi bora aweza kuukosa. Hatuwezi kuhukumu yote mawili kwa kipimo kimoja.

Lakini je, ajali haidai kitu? Torati ya Musa inamtaja mtu anayekata kuni pamoja na jirani yake, shoka likachomoka katika mpini na kumwua yule jirani. Mtu huyo hakuchukia wala hakukusudia, na sheria haimwiti mwuaji. Imemwekea miji ya kukimbilia. Hata hivyo sheria haisemi kwamba hapakutokea neno, na kwamba kila mtu aende shambani kwake. Damu imemwagika, na ni lazima jambo hilo lisemwe mbele ya wazee na kuamuliwa. Ndivyo ilivyo hapa. Aliyeumiza bila kukusudia hana hatia ya chuki, lakini anabaki na wajibu, na wajibu wa kwanza ni kusema ukweli. Ajali ilitokea kwa dakika moja chini ya taa ya chumba cha upasuaji. Kuificha si ajali tena. Hilo hufanywa kwa kujua, siku baada ya siku.

Hoja ya tatu ni ya watu wenye busara. Wanasema waganga wetu ni wachache na kazi yao ni nzito. Tukianza kulalamika watakata tamaa, au wataogopa kushika kisu, na mwisho ni sisi tutakaoumia.

Hoja hii twaiheshimu, maana twajua foleni zilivyo katika hospitali za Nyakahanga na Isingiro, na twajua umbali wa kwenda Bugando. Lakini historia ya jambo hili hili la shingo yafundisha kinyume. Mwaka 1906 daktari George Crile wa Marekani alieleza upasuaji mkubwa wa kuondoa tezi za upande mzima wa shingo kwa wagonjwa wa saratani. Kwa miaka mingi, katika upasuaji wa namna hiyo, mshipa wa 11 ulikatwa pamoja na tezi, ili isibaki hata mbegu moja ya ugonjwa. Wagonjwa wengi waliokolewa. Lakini waliookolewa walirudi wakisema kwamba bega linauma na mkono hauinuki. Wangeweza kujibiwa kwamba wana bahati kuwa hai. Badala yake wako madaktari waliosikiliza. Mwaka 1952 Ewing na Martin walichapisha habari za ulemavu uliobaki kwa wagonjwa hao. Mwaka 1961 wenzao wengine wakaupa mkusanyiko wa dalili hizo jina lake. Na mwaka 1963 Osvaldo Suárez wa Argentina akaeleza njia ya kuondoa tezi huku mishipa na misuli isiyo na ugonjwa ikiachwa salama. Leo mgonjwa wa saratani ya namna hiyo, ikiwa ugonjwa wake unaruhusu, huachiwa mshipa wake.

Tuulize basi: ni nani aliyewafaa wagonjwa waliofuata, yule aliyenyamaza kwa adabu, au yule aliyesema, "Daktari, nashukuru ninaishi, lakini tazama bega langu"? Sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya ubao twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mtoto anayenyosha kidole na kusema, "Mwalimu, hesabu ile haiji," hamdharau mwalimu. Yeye ndiye anayemsikiliza kweli. Darasa linalonyamaza hesabu ikikosewa ni darasa lililokwisha kuacha kujifunza.

Yako pia maelezo ya mwili yanayozidi adabu yote. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa bila kukatika huweza kuota tena, lakini huota polepole, yapata milimita moja kwa siku. Uliokatika huhitaji kuunganishwa na mtaalamu, na matokeo ni mazuri zaidi ikiwa hayo yatafanyika katika miezi ya mwanzo. Ukipita mwaka na zaidi, msuli uliokosa amri hunywea, na njia hupungua. Ndipo hufikiriwa upasuaji wa kuhamisha misuli mingine isaidie kazi. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa "ni kawaida" hanyimwi maelezo tu, ananyimwa wakati. Katika jambo hili ukweli ni dawa, tena ni dawa inayochacha ikikawia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza kwamba anayemfichia mwenziwe maradhi humwumbua mtu asiye na hatia.

Hoja ya nne ni ya kiroho, nayo husikika sana makanisani: Mkristo hubeba msalaba wake bila kunung'unika.

MSALABA NA UKIMYA

Tusome Maandiko yetu vizuri. Yakobo alishindana na mtu usiku kucha penye kivuko cha Yaboki. Alipata baraka na jina jipya, na katika usiku ule ule, kwa mkono ule ule, akaguswa uvungu wa paja akatoka akichechemea. Jua lilimkuta amebarikiwa na ameumia. Hatusomi kwamba alijikaza atembee sawasawa ili watu wasidhani anamlaumu Mungu. Hatusomi pia kwamba kwa sababu ya paja aliikana baraka. Vyote viwili viliandikwa, na wana wa Israeli wakaweka desturi ya kutokula ule mshipa wa paja, ili jeraha la baba yao lisisahauliwe. Baraka haikulifuta jeraha, wala jeraha halikuifuta baraka.

Mtume Paulo naye alikuwa na mwiba katika mwili. Wengi wetu twakumbuka kwamba aliupokea, lakini twasahau kwamba kwanza aliomba mara tatu uondolewe. Uvumilivu wake ulikuja baada ya kuomba na baada ya kujibiwa. Mtu aliyezuiwa kuomba, kisha asifiwe kwa uvumilivu, hakuvumilia, alizibwa mdomo. Na Bwana wetu, alipomwona katika sinagogi mtu mwenye mkono uliopooza, alimwita asimame katikati, mbele ya watu wote, hata mbele ya wale waliopenda siku ile ipite bila neno.

Ibada yetu wenyewe yatufundisha hivyo kila Jumapili. Kinywa kile kile huungama mabaya, huomba kwa ajili ya wagonjwa, husoma Zaburi zenye kilio, kisha hushukuru. Hakuna mchungaji asemaye kwamba aliyelia katika Zaburi asikaribie kushukuru mezani.

Na tukitaka ushuhuda wa nchi yetu, tumkumbuke yule msafiri Mskoti, James Grant, mwenzake Speke. Alifika Karagwe mwaka 1861 wakati wa Mfalme Rumanyika, akakaa hapa miezi mingi akiuguza mguu. Alitunzwa kama mgeni wa heshima, akatibiwa kwa dawa za hapa, na mwaka 1862 aliondoka angali amebebwa kwenye machela. Baadaye aliandika kwa heshima juu ya mwenyeji wake, na aliandika pia habari za maumivu ya mguu wake. Hatuoni kwamba jambo la pili linaliharibu la kwanza. Mbona basi tumwone mama wa kijijini kwetu kuwa mkosefu kwa kusema yaleyale aliyoruhusiwa mgeni?

MALALAMIKO YAPI?

Lakini tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba kila kelele ni njema. Yako malalamiko, na iko lawama ya kisasi. Lawama hutafuta mtu wa kuaibishwa, hukimbilia sokoni na kwenye simu za mkononi kabla ya kufika mlango wa daktari, huongeza chumvi, na haitaki kujibiwa, maana jibu lingeimaliza. Malalamiko ya kweli hutafuta jibu. Humwendea anayeweza kujibu na kuuliza maneno matatu tu: Nini kilitokea? Nini chaweza kufanyika sasa? Na nini kitafanyika ili asiumie mwingine? Mtu aweza kuyauliza kwa machozi, hata kwa hasira, na bado yakawa ya haki. Anayeuliza hivyo anaonyesha kwamba bado anamwamini mganga, maana hatumwulizi swali mtu tuliyekwisha kukata tamaa naye.

Kutokana na hayo, kila mmoja wetu ana sehemu yake.

Waganga wetu, mnaosali pamoja nasi: semeni kabla na semeni baada. Kabla ya mtu kutia sahihi au dole gumba katika fomu ya ridhaa, aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili au Kinyambo, kwamba uko mshipa hapo na kwamba huweza kuumia. Na ukiumia, aambiwe. Neno "pole, mshipa wako huenda umeumia, tutakupeleka kwa mtaalamu" halimshushi mganga hadhi. Twaamini watu wetu wana moyo wa kusamehe kuliko waganga wanavyodhani. Lakini ni vigumu kusamehe jambo ambalo unaambiwa halikutokea.

Wagonjwa na jamaa zao: baada ya kupasuliwa shingoni, ganzi ikiisha na mganga akiruhusu, jaribuni kuinua mkono taratibu. Bega likishuka au mkono ukikwama, rudini katika siku au majuma machache, msingoje mwaka upite. Bebeni cheti chenu. Ombeni kuonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana mazoezi yanayofaa hulinda bega lisikakamae hata wakati wa kungoja mshipa. Na ombeni barua ya rufaa kama hali haibadiliki. Ikiwa mtu ameuliza kwa upole na hakujibiwa, liko Baraza la Madaktari Tanganyika ambalo hupokea malalamiko juu ya madaktari. Kulifikia ni haki ya raia, na si vita.

Majirani: tuache kupima ulemavu kwa macho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye bega lililoanguka hana gongo wala bandeji ya kutuonyesha. Tukimwita mvivu, tunamjeruhi mara ya pili, na mara hii hakuna ganzi.

Nasi wa parokia: jumuiya za nyumba kwa nyumba na umoja wa akina mama zaweza kufanya mambo ambayo hospitali haiwezi. Msimu wa kahawa waende wawili wakachume matawi ya juu. Atafutwe kijana wa kumtwisha mkungu. Apatikane mtu wa kumsindikiza hospitali, anayejua kuuliza na kuandika majibu, maana mgonjwa peke yake hujibiwa kwa ufupi.

Linabaki jambo gumu ambalo hatuwezi kulikwepa. Itakuwaje ikiwa muda umepita, daktari amehamishwa, jibu halikuja, na mkono haukuinuka tena? Hapo hatuna maneno ya kumaliza maumivu. Twasema tu kwamba asilazimishwe kuchagua. Asiambiwe, "Ama ushukuru, ama ulalamike." Maisha yake ni zawadi ya kweli, na bega lake ni hasara ya kweli, na Mungu aliyemsikiliza Ayubu hadi mwisho hatachoka kusikiliza yote mawili. Kusamehe kwaweza kuja, na twaomba kuje; lakini kuje kwa miguu yake, kusiburutwe na sisi tulio na mabega mazima.

Jumapili ijayo, tutakapoalikwa kumsifu Bwana kwa mikono iliyoinuliwa, tutazame kando yetu bila kushangaa. Huenda yuko anayeinua mmoja tu. Mkono ule mmoja ulio juu ni shukrani yake; na ule mwingine uliobaki chini nao wasema neno. Tujifunze kusikia yote mawili.

Bwana awaponye wagonjwa wetu, awatie waganga wetu ujasiri wa kusema kweli, na atupe sisi sote masikio. Amina.